Zélie Martin, mwanamke wa sindano na uzi



Hakuna haja ya kuwajulisha Mtakatifu Tereza wa Mtoto Yesu. Parokia na shule nyingi katika nchi yetu zina jina lake, na tangu tarehe 14 Desemba 1927 Kanisa limemweka kuwa msimamizi wa misioni pamoja na Mtakatifu Fransisko Ksaveri. Mama yake, kinyume chake, tunamtaja kwa haraka, kama mtu apitaye sebuleni akielekea chumba kingine. Tunasema "mama wa Tereza", kisha tunaendelea na mambo ya binti. Lakini mwanamke huyo alipofariki, Tereza alikuwa na umri wa miaka 4, wala hapakuwa na mtu aliyejua atakuja kuwa nani. Watu wa mji wa Alençon, katika nchi ya Normandie huko Ufaransa, hawakumsindikiza kaburini mama wa mtakatifu. Walimsindikiza mke wa fundi saa, bibi mwenye kazi ya lesi, jirani waliyezoea kumwona akienda misa kabla jua halijachomoza. Katika makala hii nataka tumtazame kwanza kama wao walivyomtazama.

Nina sababu ya kuchagua njia hiyo. Watakatifu tunaowafundisha katika katekisimu ni mashahidi, maaskofu, mapadri na watawa. Mwenyeheri Anuarite alikuwa sista. Mwenyeheri Isidore Bakanja alikuwa mlei, lakini kijana asiye na mke wala mtoto. Wachache kati yetu wanakumbuka kwamba siku ile ile Bakanja alipotangazwa mwenyeheri mjini Roma, tarehe 24 Aprili 1994, Papa Yohane Paulo II aliwatangaza pamoja naye wanawake wawili walioolewa na kuzaa: Elisabetta Canori Mora na daktari Gianna Beretta Molla, wote wawili wa Italia. Sisi tulimshangilia mtu wetu, na ilikuwa haki yetu, lakini wale wamama wawili waliokuwa kando yake tuliwaacha wapite. Hivyo ndivyo ilivyo mara nyingi hata nyumbani. Mama ndiye mtu aliye karibu nasi kuliko wote, na kazi yake ndiyo tunayoiona kidogo kuliko zote.

Azélie-Marie Guérin, aliyeitwa kwa kifupi Zélie, alizaliwa tarehe 23 Desemba 1831 katika kijiji cha Gandelain. Baba yake alikuwa askari katika majeshi ya Napoléon, kisha akawa jandarma. Nyumba yao ilikuwa ya watu waaminifu katika dini, lakini ilikosa upole. Alipokuwa mtu mzima, Zélie alimwandikia ndugu yake Isidore kwamba utoto wake ulikuwa wa huzuni, na kwamba hakuwahi kupewa hata mwanasesere mmoja wa kuchezea. Alisumbuliwa na maumivu ya kichwa, na alimtegemea sana dada yake mkubwa, Marie-Louise, ambaye baadaye aliingia utawa katika monasteri ya Visitasio mjini Le Mans. Familia ilihamia Alençon mwaka 1844, na huko wasichana walisoma kwa masista.

Zélie naye alitaka utawa. Alikwenda kuomba nafasi kwa Masista wa Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, waliohudumia hospitali ya mji. Mama mkuu alimwambia waziwazi kwamba hayo si mapenzi ya Mungu. Mlango ukafungwa. Baba yake hakuwa na mali ya kutosha kumpatia mahari, maana huko mahari ilitolewa na upande wa msichana, na kazi ya heshima kwa msichana wa hali yake ilikuwa adimu. Akamwomba Bikira Maria amwonyeshe jinsi ya kujipatia riziki. Tarehe 8 Desemba 1851, sikukuu ya Bikira Maria Mkingiwa, aliamini kwamba amesikia moyoni agizo fupi: ashughulikie utengenezaji wa lesi ya Alençon. Mimi hupenda sana habari hii kwa sababu ya ukavu wake. Wengine walioomba ishara walipata maono, mwanga au malaika. Yeye alipewa jina la kazi ya mikono.

Ni lazima niwaeleze kazi hiyo, kwa sababu bila kuielewa hamtamwelewa mwenyewe. Lesi ya Alençon hutengenezwa kwa sindano na uzi mwembamba sana, bila mashine. Historia yake ilianza kupata nguvu mwaka 1665, Colbert, waziri wa mfalme Louis XIV, alipoanzisha karakana za kifalme ili Ufaransa isiendelee kupeleka fedha yake Venezia kwa kununua lesi za huko. Kwanza mchoro huchorwa, kisha hutobolewa kwa nukta nyingi juu ya kipande cha ngozi iliyolainishwa. Fundi mwingine hupitisha uzi kufuata nukta hizo. Mwingine hushona wavu wa chini, mwingine hujaza maua na majani, mwingine huzungushia kingo ili zisimame. Kisha lesi hutenganishwa na ngozi, na mabaki ya nyuzi huondolewa moja moja. Mwishoni husuguliwa na kung'arishwa kwa gando la kamba mkubwa wa bahari. Lesi hii haitengenezwi ikiwa nzima. Hutengenezwa kwa vipande vidogo, ambavyo baadaye lazima viunganishwe hivi kwamba jicho lisione mshono. Sentimeta moja ya mraba huhitaji kazi ya saa 7 hivi. Mwaka 2010 shirika la UNESCO liliuweka ufundi huu katika urithi wa wanadamu wote.

Kwa kawaida kila mwanamke alijua hatua moja tu ya kazi hiyo. Zélie alijifunza, akaanza kufanya kazi kwa nafsi yake kuanzia mwaka 1853 hivi, akiwa hajafikisha miaka 22. Alitafuta maagizo, alinunua uzi, alichagua michoro na kuwagawia wanawake vipande wakavifanyie kazi majumbani kwao. Sehemu moja aliibakiza mikononi mwake: kuunganisha. Vipande viliporudi kutoka kwa wanawake mbalimbali, mmoja akiwa na mkono mzito na mwingine mwepesi, yeye ndiye aliyerekebisha makosa na kuvifanya kitambaa kimoja. Alipata sifa ya kuwa mmoja wa mafundi bora wa mji.

Siku moja, akivuka daraja la Saint-Léonard, alipishana na mwanamume asiyemjua, na mwenendo wake ukamvutia. Huyo alikuwa Louis Martin, fundi saa, mzaliwa wa Bordeaux mwaka 1823. Yeye naye alikuwa amekataliwa na watawa, kule juu milimani kwa mapadri wa Mtakatifu Bernardo, kwa sababu hakujua Kilatini. Walioana usiku wa manane tarehe 13 Julai 1858 katika kanisa la Bikira Maria la Alençon. Zélie alikuwa na miaka 26, Louis alikuwa karibu kutimiza 35. Kwa muda wa miezi kama 10 waliishi kama kaka na dada, wakidhani utakatifu wataupata kwa njia hiyo, mpaka padri muungamishi alipowashauri vingine. Hapo wakafungua nyumba yao kwa watoto.

Jambo la sheria linafaa kutajwa hapa. Katika Ufaransa ya siku hizo, kwa sheria ya mwaka 1804, mwanamke aliyeolewa hakuweza kufanya biashara wala mkataba bila idhini ya mumewe, na hali hiyo ilidumu mpaka mwaka 1938. Msiwacheke Wafaransa haraka. Kwetu, sheria ya familia ya mwaka 1987 iliweka sharti kama hilo juu ya mke, na halikuondolewa ila kwa sheria ya Julai 2016. Wamama wengi wanaouza samaki, vitenge au makaa na kulipa ada za shule wameishi sehemu kubwa ya maisha yao chini ya sharti hilo. Ndiyo sababu namheshimu Louis Martin kwa yale aliyoyafanya mwaka 1870. Alimwachia mpwa wake duka lake la saa na vito, akajiunga na kazi ya mke wake. Alisafiri mpaka Paris kutafuta wanunuzi, alishika hesabu, alichukua na kupeleka mizigo. Mwanamume mwenye ufundi wake mwenyewe, aliyejenga jina kwa miaka mingi, aliona kwamba mikono ya mkewe inazaa zaidi, akaamua kuisaidia. Sijasoma mahali popote kwamba alilalamika.

Siku ya Zélie ilianza mapema mno. Misa ilikuwa saa 11 na nusu alfajiri, na mke na mume walikwenda pamoja. Baada ya hapo ilikuwa lesi, watoto, mapishi, barua, hesabu, na mara nyingi sindano haikuwekwa chini kabla ya saa 5 usiku. Siku ya Alhamisi wanawake walileta kazi waliyomaliza na kupokea nyingine. Chumba cha chini cha nyumba ya barabara ya Saint-Blaise, walikohamia mwaka 1871, kilikuwa mahali pa kupokelea mafundi na wateja. Kuhusu watu waliomtumikia, Zélie alikuwa na fikra iliyo wazi, na aliiandika katika barua: mshahara mkubwa peke yake haumfanyi mtumishi akupende, lazima ahisi kwamba anapendwa. Fundi mmojawapo akiugua, Zélie alikwenda kumtazama nyumbani kwake siku ya Dominika baada ya masifu ya jioni. Dominika yenyewe ilikuwa siku isiyoguswa. Louis, wakati wa duka lake, alifunga mlango siku hiyo ingawa watu wa mashambani walikuja mjini kununua siku hiyo hasa, na marafiki walimwambia anapoteza fedha. Zélie aliamini kwamba baraka za nyumba yao zilitokana na duka lile lililofungwa.

Lakini tusimpake rangi ya dhahabu. Barua zake zaidi ya 200 zimehifadhiwa, za kuanzia mwaka 1863 mpaka 1877, na ndani yake hatumwoni mwanamke wa sanamu. Analalamika. Anasema kwamba lesi hii imefanya maisha yake yawe magumu: maagizo yakiwa mengi yeye ni mtumwa, na yakikosekana usingizi unampotea kwa kuwafikiria mafundi watakaokaa bila kazi. Anawachekesha wasomaji wake kwa habari za jirani, kisha ukurasa unaofuata anakiri uchovu wake. Mwaka 1870 vita vya Ufaransa na Prusia vilisimamisha biashara kabisa. Mwezi Januari 1871 askari wa Prusia waliingia Alençon, na 9 kati yao walipangiwa kulala kwake. Alipika, alilisha, alisafisha. Louis alimkamata mmoja wao akiiba na kumshitaki. Aliposikia kwamba askari mwingine amepigwa risasi kwa kosa kama hilo, alikimbia kumwombea huyo wa kwake.

Watoto walizaliwa 9 katika muda wa miaka 13: Marie mwaka 1860, Pauline 1861, Léonie 1863, Hélène 1864, Joseph-Louis 1866, Joseph-Jean-Baptiste 1867, Céline 1869, Mélanie-Thérèse 1870, na Tereza tarehe 2 Januari 1873. Kati yao 4 walikufa. Joseph wa kwanza aliishi miezi 5, Joseph wa pili miezi 8. Hélène alikufa mwezi Februari 1870 akiwa na miaka 5, baada ya ugonjwa uliokwenda haraka kuliko wote walivyodhani. Mélanie-Thérèse alikufa mwezi Oktoba wa mwaka uleule, akiwa na wiki 7 tu, kwa sababu mwanamke aliyepewa kumnyonyesha hakumtunza. Kwa hiyo mwaka 1870 peke yake ulichukua wawili, katikati ya vita.

Watu walimjia Zélie na faraja zao. Wapo waliosema kwamba ingekuwa heri kama watoto hao wasingezaliwa kamwe. Maneno hayo hakuyavumilia. Alimwandikia mke wa ndugu yake kwamba uchungu na mahangaiko havikuweza kuwekwa katika mizani moja na furaha ya milele ya watoto wake, na kwamba hawakupotea, atawaona tena. Katika familia zetu wako wamama wengi ambao wakiulizwa idadi ya watoto hutaja kwanza walio hai, kisha wananyamaza kidogo. Naamini hao wanaweza kuisoma barua hiyo bila mfasiri.

Mbona mtoto alipelekwa kunyonyeshwa mahali pengine? Si anasa. Tangu mwaka 1865 Zélie alikuwa na uvimbe katika titi moja, na kwa watoto waliofuata hakuweza kunyonyesha. Tereza alipozaliwa, hofu ilikuwa kubwa. Mwezi Machi 1873, akiwa na miezi 2, mtoto alidhoofika kwa ugonjwa wa tumbo mpaka daktari akasema hakuna dawa ila maziwa ya mwanamke. Mwanamke aliyefaa alijulikana: Rose Taillé, mkulima wa kijiji cha Semallé, karibu kilomita 8 kutoka mjini, ambaye aliwahi kuwanyonyesha watoto wa Martin. Louis hakuwapo nyumbani, na usiku ulikuwa umeingia. Zélie alisubiri, na mapambazuko yalipokaribia alitoka peke yake kwa miguu. Njiani alikutana na wanaume wawili, akaogopa; lakini moyo wake ulikuwa umechoka kiasi kwamba aliwaza: hata wakiniua, haidhuru. Rose alikuwa na watoto wake 4. Aliacha nyumba yake na kufuatana naye.

Walipofika, Rose alimtazama mtoto na kutikisa kichwa, kama mtu anayesema wamesumbuka bure. Zélie alipanda chumbani kwake, akapiga magoti mbele ya sanamu ya Mtakatifu Yosefu, akaomba mtoto apone, na pia akakubali kama mapenzi ya Mungu ni mengine. Aliposhuka alimkuta Tereza ananyonya kwa nguvu. Kisha mtoto akalegea, akaanguka juu ya mnyonyeshaji kama aliyekata roho. Wanawake wote wakabaki kimya. Baada ya robo saa hivi, mtoto alifungua macho, akatabasamu.

Tereza aliishi kwa Rose mpaka mwanzo wa mwezi Aprili 1874. Alikua kati ya ng'ombe na nyasi, akapata rangi ya jua, na alipoletwa mjini aliwalilia wateja wenye nguo za fahari waliokuja kuagiza lesi, akanyamaza tu alipopelekwa sokoni, mahali Rose alipouza siagi yake. Natamani Rose Taillé naye akumbukwe zaidi. Yeye pia alikuwa mke, mama na mchapakazi, na bila maziwa yake Kanisa lisingekuwa na Mwalimu wake aliyetangazwa tarehe 19 Oktoba 1997. Hakuacha barua 200. Aliacha mtoto mzima.

Ukarimu wa Zélie ulikuwa wa namna iyo hiyo, wa miguu na mikono. Alikutana na mzee maskini njiani, akamkaribisha nyumbani, akampa chakula na viatu, na baadaye familia ikamtafutia mahali katika nyumba ya wagonjwa wasiopona. Mtumishi wake alipougua yabisi, alimwuguza mwenyewe, usiku na mchana, kwa wiki kadhaa. Mwaka 1875 aligundua kwamba wanawake wawili wa jirani, waliojivika sura ya masista na kujidai walimu, walikuwa wamechukua msichana mdogo wa kijijini na kumtesa kwa njaa. Zélie alianza kwa kumlisha mtoto. Kisha alikwenda kwa kamishna wa polisi, akawashitaki, akasimama mbele yao na kusema aliyoyajua, mpaka mtoto akaokolewa. Wako wakristo wanaodhani kwamba wema ni kunyamaza ili pasiwe na ugomvi na jirani. Yeye hakufikiri hivyo.

Ndipo hapo panapouma, kwa sababu ndani ya nyumba yake mwenyewe kulikuwa na mtoto aliyeteswa, naye hakuona. Léonie, binti wa tatu, alikuwa mgonjwa tangu utotoni, mzito wa masomo, mkaidi. Monasteri ya Le Mans, alikokuwa shangazi yao mtawa, ilimrudisha nyumbani mara mbili. Zélie alihuzunika, hakujua la kufanya. Mwezi Machi 1877 Marie aligundua siri: yule mtumishi aliyeaminiwa kwa miaka 11 alikuwa akimtawala Léonie kwa vitisho na mapigo, akimkataza kumsogelea mama yake. Mama aliyewaona mafundi wote wa Alhamisi, aliyemwona mtoto wa jirani, alikuwa na mikono iliyojaa kazi kiasi cha kutoona kilichofanyika jikoni kwake. Nayaandika haya si kwa kumshitaki. Nyumba ya mtu anayefanya kazi kutoka alfajiri mpaka usiku wa manane ina pembe zisizofikiwa na macho yake, na mdogo asiyejua kujieleza ndiye anayekaa katika pembe hizo. Ninyi mlio wakubwa katika nyumba zenu, kama Marie alivyokuwa, mna macho.

Tangu siku ile mtumishi alikatazwa kumsemesha Léonie, na Zélie alianza kumvuta binti yake kwa upole. Léonie alibadilika upesi. Hakutaka tena kumwacha mama yake hata kidogo. Walikuwa na miezi 5 tu.

Maana uvimbe wa mwaka 1865 ulikuwa kansa. Zélie alikuwa amemwandikia habari yake ndugu yake Isidore, mwenye duka la dawa mjini Lisieux, na alionyesha kuwa tayari kupasuliwa. Upasuaji haukufanyika. Maumivu yalipungua, kazi iliongezeka, watoto walizaliwa na kufa, na miaka 11 ikapita. Mwezi Desemba 1876 alipokwenda kwa daktari, na ndugu yake alipomkutanisha na mwingine huko Lisieux, jibu lilikuwa moja: wakati wa kupasua umekwisha. Katika mahubiri na mazishi yetu tuna desturi ya kumsifu mama aliyeficha ugonjwa wake ili asiwasumbue watoto. Sikubaliani na desturi hiyo. Zélie hakuficha, alisema tangu mwanzo. Yaliyokosekana ni watu wa kumshika mkono na kumpeleka, mara ya kwanza na mara ya pili, mpaka jambo liishe. Huko kwetu mama akisema "kuna kitu hapa titini, lakini hakiniumi", ni ninyi, wanawe, mnaopaswa kuuliza kesho yake: umekwenda lini, na wamesema nini?

Mwezi Juni 1877 alikwenda Lourdes pamoja na Marie, Pauline na Léonie. Safari ilikuwa ya tabu tangu mwanzo. Nguo ilichanika, rozari ya marehemu dada yake mtawa, aliyefariki mwezi Februari mwaka uleule, ilipotea, chupa za maji zilivuja. Alitumbukizwa katika maji ya baridi zaidi ya mara moja. Hakupona. Alirudi akiwa amechoka, mabinti wakiwa na uchungu, na yeye ndiye aliyewachangamsha. Louis, aliyebaki Alençon akingoja telegramu ya habari njema, alishangaa kumwona akishuka na uso wa furaha kana kwamba ameponywa.

Alifariki tarehe 28 Agosti 1877, dakika 30 baada ya saa 6 usiku, akiwa na miaka 45. Mwezi Novemba Louis alihama na mabinti wake 5 kwenda Lisieux, karibu na familia ya Isidore. Wanne waliingia Karmeli ya mji huo. Louis mwenyewe alifariki tarehe 29 Julai 1894. Mke na mume walitangazwa wenyeheri huko Lisieux tarehe 19 Oktoba 2008, Dominika ya Misioni, na Baba Mtakatifu Fransisko aliwatangaza watakatifu tarehe 18 Oktoba 2015, maaskofu wakiwa wamekusanyika Roma katika sinodi juu ya familia. Ilikuwa mara ya kwanza mke na mume wasio mashahidi kutangazwa watakatifu pamoja. Sikukuu yao ni tarehe 12 Julai.

Imebaki habari ya Léonie. Katika miezi ya mwisho Zélie alimfikiria huyo kuliko wengine wote, akijiuliza ni nani atakayemwongoza kwa subira. Léonie alijaribu utawa mwaka 1886 kwa Masista wa Mtakatifu Klara, akarudi. Alijaribu mwaka uliofuata katika monasteri ya Visitasio ya Caen, akarudi. Alijaribu tena huko mwaka 1893, na baada ya miaka 2 akarudi. Mwaka 1899 aliingia kwa mara ya nne, akiwa na miaka 35, na safari hii alibaki, akaitwa Sista Françoise-Thérèse. Alifanya kazi ndogondogo za nyumba kwa zaidi ya miaka 40, mpaka alipofariki mwezi Juni 1941. Mwaka 2015, mwaka uleule mama yake alipotangazwa mtakatifu, jimbo lilifungua kesi ya kumtangaza Léonie mwenyeheri.